Mrs. America, Good Girls Revolt ama Las chicas del cable: chama chenu kiangalie gani?

Kama mmekubaliana kwa kikundi "tuangalie kitu ya historia ya wanawake" halafu mkakwama hapo kwa kuchagua, hii ni yenu. Mmoja anataka ile ya Cate Blanchett juu amesikia imesifiwa, mwingine anataka ile ya Waspania wa simu juu iko na mapenzi na nguo poa, mwingine anasema yeye siasa imemtosha ya hapa Kenya hataki ya wengine, na mwisho wa jioni mmeangalia taarifa ya saa moja kama kawaida na kila mtu anatafuta boda aende kwake.

Tamthilia zote tatu ni za enzi zilizopita na zote zinahusu wanawake kudai haki yao. Zaidi ya hapo hazifanani sana. Nimeziangalia na watu tofauti, zingine hapa Kisumu na wamama wa chama, ingine Nakuru kwa binamu zangu, na nikaona ile kitu imenyamazisha sebule moja mpaka chai inapoa ndio hiyo hiyo inafanya sebule ingine watu watoe simu waanze kuskroli. Kwa hivyo usingoje nikuambie hii ndio kali zitupe zingine. Inategemea mko nani na nani.

Tuanze na vipimo

Kipimo changu cha kwanza ni swali ambalo watu hawaulizangi: ndani ya hii hadithi, nani anawazuia hawa wanawake? Hapo ndio hizi tamthilia zinaachana kabisa. Kwa Mrs. America anayezuia ni mwanamke mwenzao. Kwa Good Girls Revolt ni bosi mstaarabu, mcheshi, hata unampenda. Kwa Las chicas del cable ni mume, baba na sheria yenyewe. Ukijua ni vita gani iko karibu na maisha ya wale mnaketi nao, nusu ya kazi ya kuchagua imeisha.

Cha pili ni muda na bando. Netflix wenyewe husema ukiweka ubora wa katikati saa moja inakula kama giga 0.7, lakini ukiiachilia kwa HD inaweza kula hadi giga 3 kwa saa, na hapo ndipo watu hulia. Cha tatu, unahitaji kujua nini kabla ya kuanza ili usipotee. Cha nne, nani ameketi hapo: kama kuna shosho ama dani ama kukhu, yaani nyanya wa nyumba, kama kuna mama mkwe, kama kuna watoto ambao wanasema wanafanya homuwaki na masikio yako kwa tivii. Cha tano, inagusa wapi kwetu. Hiki cha tano ndicho nitakirefusha, nimewaonya mapema.

Mrs. America

Ilitoka 2020, sehemu 9 peke yake, inaanza 1971 inaenda hadi uchaguzi wa Marekani wa 1980. Masaa kama saba hivi kwa jumla, kwa hivyo kwa ubora wa katikati ni giga tano tu. Shida ni kuipata, kwa sababu ilitengenezewa Hulu, huduma ya kuangalia mtandaoni ya Marekani, na huku kwetu haifunguki, kwa hivyo angalia kwanza kama iko kwa huduma unayolipia kabla hujaahidi watu.

Ya kujua kabla: Wamarekani walitaka kuongeza kwa katiba yao kifungu kinachosema mtu asinyimwe haki kwa sababu ya jinsia yake. Kifungu chenyewe kiliandikwa mara ya kwanza 1923 na mama anaitwa Alice Paul, kikakaa kwa rafu miaka na miaka, mpaka Machi 1972 Kongresi, yaani bunge lao, ikakipitisha. Bado ilibidi majimbo 38 yakubali. Watu walidhani ni mteremko tu maana majimbo yalikuwa yanapitisha moja baada ya ingine. Halafu ikakwama kwa 35, wakaongezewa muda hadi 30 Juni 1982, na 35 ikabaki 35. Ukishika hayo tu, utafuata.

Na aliyeongoza upinzani ni Phyllis Schlafly, mama wa watoto sita kutoka Illinois, msomi, mwandishi, aliyekuwa amejaribu kiti cha Kongresi mara mbili akaanguka. Akakusanya mama wa nyumbani, wakapelekea wabunge mikate waliyooka wenyewe, wakasema hatutaki hii haki mnatuletea, itatuondolea heshima tuliyo nayo kwa nyumba zetu. Blanchett anamcheza vizuri mpaka inakukasirisha, juu unajipata unamuelewa.

Kuna mahali sehemu ya kwanza sitasahau. Ako Washington kwa ofisi na wanaume wa siasa, mambo ya makombora ya nyuklia ameyasoma kuliko wengi wao hapo ndani, anaanza kuchangia, halafu mmoja wao kwa upole kabisa anamuuliza kama anaweza kuwaandikia kumbukumbu za mkutano, maana pengine mwandiko wake ndio mzuri. Kamera inakaa kwa uso wake. Anatabasamu. Anaenda kutafuta kitu ya kuandikia. Pale Kisumu wamama waliguna kwa pamoja, juu nani hajui hiyo? Kamati ya matanga, kamati ya shule, kamati ya maji, mwenyekiti ni mwanaume na katibu ni mwanamke, na hakuna mtu alipiga kura, ilijipanga tu. Sasa raha ya hii tamthilia ni kwamba huyo aliyefanywa katibu ndiye anatoka hapo akaenda kupinga wenzake. Huelezewi kwa nini kwa maneno, unaachiwa ufikirie mwenyewe.

Inagusa wapi kwetu? Kila mahali, sijui nianzie wapi. Katiba yetu ya 2010 inasema kwa vyombo vya kuchaguliwa jinsia moja isizidi theluthi mbili. Mahakama ya Juu 2012 ikasema hiyo itekelezwe polepole lakini iwe imefika Agosti 2015. Ikafika 2015, ikapita. Februari 2019 mswada ukaletwa bungeni, ulihitaji wabunge 233 na waliokuwa ndani ya ukumbi walikuwa 174, basi ikafia hapo. Septemba 2020 Jaji Mkuu Maraga akamwandikia rais avunje bunge kwa sababu ya hiyo hiyo, na bunge halikuvunjwa. Na kabla ya hayo yote, 1997, Phoebe Asiyo wa Karachuonyo alikuwa ameshapeleka hoja ya wanawake kuongezwa nafasi, ikaangushwa. Ukiangalia Wamarekani wakihesabu majimbo, thelathini na tatu, thelathini na nne, unajua ile hesabu inavyouma.

Sehemu ya tatu inaitwa Shirley, na ni ya Shirley Chisholm, mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa Kongresi ya Marekani, 1968, na 1972 akawania urais. Anachezwa na Uzo Aduba ambaye wazazi wake ni Wanaijeria, na alishinda tuzo ya Emmy kwa hiyo kazi, alistahili. Hapa nilisimamisha nikawakumbusha watu kwamba mwaka uliofuata, 1969, Grace Onyango alichaguliwa mbunge wa Kisumu Town, mwanamke wa kwanza Kenya kuchaguliwa bungeni, na alikuwa ameshakuwa meya wa Kisumu tangu 1965. Vijana wawili watatu hawakuwa wanajua. Mazungumzo yakahama kabisa kutoka Marekani, hatukumaliza hiyo sehemu siku hiyo, na sidhani kuna mtu alijali.

Mabaya yake sasa. Majina ni mengi kupita kiasi, kila sehemu kuna mtu mpya ana miwani na maoni, na kama mtu hajazoea siasa za vyama vya Marekani sehemu ya pili inampoteza. Mikutano ni mingi. Pia Gloria Steinem mwenyewe, mwanaharakati wa haki za wanawake ambaye ni mmoja wa wanaoigizwa, hakuipenda, aliandika pamoja na mwanaharakati mwenzake Eleanor Smeal wakalalamika kwamba inafanya ionekane ni wanawake walipigana wao kwa wao wakati wenye pesa na wanasiasa ndio walizuia. Ni lalamiko la haki na ni vizuri ulijue kabla, halafu mjiamulie. Kwa upande wa aibu si mbaya sana, kuna mahali pa chumbani sehemu ya kwanza ambapo mama amechoka na mzee haelewi, hakuna mwili unaonyeshwa ila ni nzito, na kuna matusi ya hapa na pale. Watoto itawaboesha kabla iwaharibu.

Inafaa nani? Watu wanaopenda kubishana baada ya kuangalia. Viongozi wa vikundi, walimu, wanafunzi wa sheria, mtu yeyote aliyewahi kugombea hata kiti cha MCA, yule mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti. Haifai mtu aliyetoka kazi amechoka anataka kitu ya kumbembeleza alale.

Good Girls Revolt

Hii ni ya Amazon, ilitoka 2016, sehemu 10 halafu wakaikata baada ya msimu mmoja, kwa hivyo jua kabisa unaingia kwa kitu ambacho kinaishia pale ambapo unataka iendelee. Kuna watu hawawezi hiyo. Binamu yangu mmoja Nakuru mpaka leo analalamika kama ni jana. Prime Video, ile huduma yao ya video, inafanya kazi Kenya, na bando ni karibu sawa na ile ya kwanza, giga sita ukipanga vizuri.

Ni New York mwisho wa 1969 kuingia 1970, kwa ofisi ya gazeti la kubuni linaitwa News of the Week. Wanaume ni waandishi, wanawake ni watafiti. Maana yake ni kwamba msichana anapiga simu, anatafuta watu, anakusanya maneno, pengine hata anaandika yote, halafu jina linaloenda juu ya makala ni la mwanaume wa dawati lake. Hiyo si ya kubuni. Machi 1970 wanawake 46 wa gazeti la Newsweek walipeleka malalamiko rasmi, siku ile ile gazeti lao lilipotoka na makala ya jalada kuhusu uasi wa wanawake. Wakili wao alikuwa Eleanor Holmes Norton, na yumo ndani ya tamthilia, pamoja na mwandishi Nora Ephron ambaye alifanya kazi Newsweek kikweli kabla hajakuwa jina kubwa. Walikubaliana na kampuni mwaka huo huo, halafu ahadi zikalegea, ikabidi 1972 warudi kulalamika tena. Hii awamu ya pili ya 1972 tamthilia haikufikia na naona ndio ingekuwa tamu zaidi, kwa sababu kushinda mara moja kwa karatasi ni rahisi, kazi inaanza ukirudi Jumatatu kwa dawati lile lile.

Nguvu yake ni kwamba mpinzani hana pembe. Bosi ni mtu mzuri! Anawasikiza, anawatania, anawanunulia kinywaji, na hajawahi kufikiria hata dakika moja kwamba msichana anayemletea kazi nzuri anaweza kuwa mwandishi, mpango wa maisha uko hivyo tu. Wasichana watatu ndio tunawafuata: Patti ambaye hana uoga, Jane ambaye ni wa familia ya pesa na anangoja kuolewa, na Cindy ambaye ameolewa tayari na ana kitabu anataka kuandika, na mumewe ana mipango yake mingine. Mimi nilimpenda Jane, juu yeye ndio ana mengi ya kupoteza, na anachelewa, na kuchelewa kwake ni kwa kweli.

Kufuata ni rahisi. Hauhitaji kujua kitu yoyote ya siasa, ukishawahi kufanya kazi chini ya mtu imetosha. Wale wa Nakuru wengi wao wamefanya kazi za ofisi, saluni, shamba za maua Naivasha, hoteli, na hakuna aliyeuliza swali "huyu ni nani tena". Walikuwa wanapiga kelele kwa tivii. Mmoja akasema yeye alifundisha mwanaume kazi miezi kadhaa halafu huyo huyo akafanywa msimamizi wake, na hapo tukasimamisha tena, maana hakuna mtu alikuwa hana ya kwake. Nikawaambia, na nakuambia na wewe, kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 inasema malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 kwenda juu anatakiwa awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono. Uliza kama iko kwenu. Uliza tu kwa upole uone sura zitakavyokuwa.

Lakini aki usiiweke mbele ya mama mkwe. Kuna ngono, kuna miili, kuna bangi, kuna kikao cha wanawake wanaongea mambo ya miili yao wazi wazi mpaka mtu anaenda kuangalia kama chai imechemka na chai tayari iko mezani. Hii ni ya rika moja, mlango umefungwa, watoto wamelala. Udhaifu mwingine ni kwamba inapenda sana kuonyesha ile enzi, nywele, sigara, muziki, saa zingine unahisi ni duka la nguo za zamani, na wanawake weusi wako kando kando hata kama wakili mwenyewe ndiye amebeba kesi yote.

Inafaa wafanyakazi, hasa wasichana wa miaka ya ishirini na thelathini ambao wako kwa kazi ya kwanza ama ya pili na wanahisi kitu si sawa lakini hawana la kushika. Haifai mtu anayetaka mwisho uliofungwa, wala kikundi cha mchanganyiko wa umri.

Las chicas del cable

Hii ndio refu. Ilianza 2017 ikaisha 2020, misimu 5, sehemu 42 zote pamoja. Iko Netflix, ni yao, ndio tamthilia ya kwanza walitengeneza Spain. Ukifanya hesabu, masaa yanakaribia thelathini na kitu na bando kama giga 23 kwa ubora wa katikati, kwa hivyo ama uko na waifai ama unashusha usiku kidogo kidogo. Usianze hii na data ya siku moja moja, utalia.

Madrid, 1928. Kampuni ya simu inaajiri wasichana wa kuunganisha simu, wale wanakaa mbele ya ubao wenye mashimo na waya wanachomeka huku na kule. Wazazi wetu wanajua hii kazi vizuri, maana kabla ya simu za mkono ulikuwa unapigia opereta, unangoja, unaunganishwa, na opereta anajua siri za mji mzima. Mzee mmoja tulikuwa naye alisimulia simu za enzi za Posta mpaka tukakosa kusikia nusu ya sehemu. Msimu wa kwanza una hii wasiwasi nzuri kwamba mashine inakuja ya kuunganisha simu yenyewe, na wasichana wataenda wapi? Waulize wanaofanya kazi kwa benki leo.

Mpinzani hapa ni wa nyumbani. Ángeles ndiye bora kazini, na mumewe ambaye wanafanya kazi kampuni moja anampiga. Carlota baba yake ni mwanajeshi na hataki kusikia binti yake ameajiriwa. Mwanamke hana sauti mbele ya sheria, mtoto ni wa mume, nyumba ni ya mume, na talaka Spain ilikuja 1932. Kura iliamuliwa 1931 na wakapiga kwa mara ya kwanza 1933, na kama unapenda vioja vya historia, mle bungeni Clara Campoamor ndiye alipigania kura ya wanawake na mmoja wa waliompinga alikuwa mbunge mwanamke, Victoria Kent, akisema wakati bado. Phyllis hakuwa wa kwanza.

Ile ya Ángeles ndio iligusa watu vibaya sana. Huku kwetu tuko na Sheria ya Kinga Dhidi ya Unyanyasaji wa Nyumbani ya 2015, unaweza kuenda kortini upewe amri ya kukulinda, lakini kuna umbali gani kati ya hiyo karatasi na nyumba ambayo wazee wa pande zote mbili wanasema rudi ukavumilie, una watoto? Tamthilia inakaa hapo kwa muda, haikimbii. Kama kwa kikundi chenu kuna mtu anapitia hayo, mwambie mapema kuna hiyo, asishtukizwe mbele ya watu.

Sasa kwa nini wengine wanaidharau? Juu ni telenovela ndani ya nguo za historia. Kuna mapenzi ya watu watatu ambayo hayaishi, kuna siri juu ya siri, kuna mtu anakufa hafi, muziki ni wa siku hizi wa Kiingereza ndani ya 1928, na kuanzia msimu wa tatu mambo yanazidi chumvi kabisa. Ile ya haki za wanawake iko lakini lazima uingoje ipite katikati ya mabusu. Mimi hiyo hainisumbui. Nyanya ambaye hawezi kuvumilia dakika kumi za Kongresi ya Marekani anaweza kaa masaa mawili kujua kama Lidia, mhusika mkuu, ataenda na Francisco ama Carlos, na akiwa hapo anasikia habari za kura na talaka na mshahara. Lugha ni Kispania lakini kuna sauti za Kiingereza zimewekwa juu, na sisi tumelelewa na telenovela za Wameksiko, midomo kutofuatana na maneno tulishazoea. Kwa anayeshindwa na Kiingereza weka mtu wa kutafsiri pale kando, hadithi ni rahisi, haitampita.

Jambo lingine la kujua mapema: kuna mhusika anaitwa Sara ambaye kadri misimu inaenda anaishi kama mwanaume na anaitwa Óscar, na kuna mapenzi kati yake na Carlota. Kuna sebule hiyo itazua vita na kuna sebule hakuna mtu atapepesa macho. Unawajua watu wako.

Inafaa familia ya wanawake wakubwa kwa wadogo, jioni ndefu za Desemba watu wakiwa ushago, na yeyote anayependa kushikwa na hadithi. Haifai mtu anayetaka historia kavu yenye ukweli mtupu, ama kikundi kinachokutana mara moja kwa mwezi, juu mtakuwa mnaimaliza wakati watoto wameshaoa.

Na kama hamna muda kabisa

Kuna Iron Jawed Angels ya HBO, 2004, ni filamu ya tivii ya kama masaa mawili. Hilary Swank ni Alice Paul, yule yule wa 1923 niliyemtaja juu, lakini hapa ni miaka ya kabla, kutoka maandamano ya Washington Machi 1913 mpaka wanawake wanapata kura 1920. Mpinzani hapa ni serikali yenyewe na jela zake. Iko na mahali wanalishwa kwa nguvu kwa mpira wakiwa wamegoma kula, ni ngumu kuangalia, watoto wadogo wasiwepo. Nyimbo za kisasa zimeingizwa na mapenzi ya kubuni pia, lakini inaisha jioni moja na hakuna mtu atakuuliza wiki ijayo tulifika wapi.

Sasa mchague aje

Chama cha wamama wa umri tofauti, mnakutana nyumba ya mtu na kuna mama mkwe: Las chicas del cable, msimu wa kwanza peke yake, sehemu 8. Mkifika hapo mkaridhika mnaweza kuacha, si lazima mufike vita ya Spain.

Marafiki wa kazi, wote rika moja, mna malalamiko ya bosi: Good Girls Revolt, na kubalianeni kabla kwamba haina mwisho, msije mkanilaumu. Kikundi cha vijana wa chuo, Maseno ama Egerton ama Masinde Muliro, wanaotaka kuandika ama kujadili: Mrs. America, na mpange muda wa maongezi uwe mrefu kama wa kuangalia. Mume na mke? Hiyo nilijaribu kuuliza watu na majibu yalinichekesha. Wengi walisema Mrs. America, kwa sababu pale hakuna mwanaume anayeonyeshwa kama shetani na mzee wa nyumba hajihisi anashtakiwa, lakini kuna mama mmoja wa Kakamega alisema yeye aliweka ya Waspania makusudi, kwa ile sehemu ya Ángeles, akaangalia uso wa bwana badala ya tivii.

Kama unaangalia peke yako kwa simu, ndani ya matatu ya Kisumu-Nakuru, chukua Good Girls Revolt ama ya Waspania, ushushe kabla, uweke earphone, na geuza skrini kidogo kwa zile sehemu za ngono za Good Girls Revolt nilizokuambia. Mrs. America kwa simu ndogo ni kazi bure, majina yanapita haraka na Mau Summit kuna matuta.

Na kama mmebishana mpaka sasa hamjaelewana, wekeni sehemu ya tatu ya Mrs. America pekee, ile ya Shirley. Inasimama karibu peke yake, ni chini ya saa moja. Mkiona watu wanauliza "halafu?" basi rudini mwanzo. Mkiona wameanza kuongea juu ya MCA wenu, zimeni tivii muongee.